Arvo Pärt: mtunzi wa muziki aliyevuka mpaka na valizi saba

Mwezi wa kwanza mwaka 1980, baba mmoja wa miaka 44, mke wake na watoto wao wawili wa kiume walifika na treni kwenye kituo cha Brest, mpakani mwa Umoja wa Kisovieti na Poland. Walikuwa wanahama nchi. Mali yao yote ilikuwa ndani ya valizi saba. Polisi wa mpaka wakaamuru zifunguliwe. Ndani wakakuta karatasi za muziki, santuri na kanda za sauti.

Polisi wakasema: haya, tusikilize. Kituo kilikuwa kikubwa na karibu kitupu. Wakachukua chombo cha familia cha kuchezea santuri, wakaweka wimbo mmoja wa vyombo vya nyuzi na kengele moja. Kisha wakaweka kazi nyingine, misa ya kuimbwa na kwaya. Miaka mingi baadaye baba huyo alisimulia kwamba polisi wale walibadilika, wakawa wapole kwao, jambo ambalo hakuwahi kuliona kwa polisi wa nchi ile. Familia ikaruhusiwa kuendelea na safari.

Baba huyo anaitwa Arvo Pärt. Ni mtunzi wa muziki wa klasiki, ule unaopigwa na orkesta na kuimbwa na kwaya kwa kusoma noti. Hapa Kongo wengi wanaujua muziki wa namna hiyo kupitia Orchestre Symphonique Kimbanguiste ya Kinshasa. Pärt anatoka Estonia, nchi ndogo ya kaskazini mwa Ulaya, yenye watu zaidi kidogo ya milioni moja. Mwaka 2025 alitimiza miaka 90. Kwa miaka minane mfululizo, tangu 2011 hadi 2018, hesabu za maonyesho duniani zilimweka wa kwanza kati ya watunzi wa klasiki walio hai ambao kazi zao zinapigwa zaidi.

Lakini kabla ya kufika hapo, alinyamazishwa, yeye mwenyewe akachagua kunyamaza, kisha akasukumwa nje ya nchi yake. Historia yake inafaa kusomwa na kila mtu aliyewahi kufunga mizigo bila kujua atarudi lini.

Mtoto wa nchi iliyokaliwa

Arvo Pärt alizaliwa tarehe 11 mwezi wa tisa 1935 katika mji mdogo wa Paide. Wakati huo Estonia ilikuwa nchi huru. Alipokuwa bado mdogo sana wazazi wake waliachana, na mama yake akahamia naye mji wa Rakvere.

Hakuwa ametimiza miaka mitano wakati jeshi la Kisovieti lilipoingia Estonia, mwaka 1940. Mwaka uliofuata wakaja Wajerumani. Mwaka 1944 Wasovieti wakarudi, na safari hiyo wakakaa hadi 1991. Mwaka huo wa 1944 makumi ya maelfu ya Waestonia walikimbilia Sweden na Ujerumani, wengi wao kwa mashua ndogo. Mwezi wa tatu 1949, kwa siku chache tu, watu zaidi ya elfu ishirini walikamatwa majumbani mwao na kupakiwa kwenye treni hadi Siberia. Wengi wao walikuwa wanawake, watoto na wazee. Arvo alikuwa na miaka 13.

Nyumbani kwao kulikuwa na piano kubwa, lakini noti zake za katikati zilikuwa zimeharibika. Mtoto akabaki na noti za juu kabisa na za chini kabisa. Alizipiga hizo, na alizokosa alizibuni kichwani.

Katikati ya mji wa Rakvere kulikuwa na kipaza sauti kilichorusha matangazo ya redio. Muziki wa orkesta ulipopigwa, kijana Arvo alipanda baiskeli akaanza kuzunguka uwanja, mara moja, mara ya pili, mara ya kumi, ili asikilize hadi mwisho. Leo katika uwanja huo kuna sanamu ya kijana na baiskeli yake.

Fundi wa sauti wa redio

Mwaka 1954 alikwenda Tallinn, mji mkuu, kusomea muziki. Masomo yakakatizwa na utumishi wa jeshi, ambako alipiga ngoma na zumari katika bendi ya askari. Baadaye akaingia chuo kikuu cha muziki, mwanafunzi wa mwalimu Heino Eller, akamaliza mwaka 1963.

Wakati anasoma alipata kazi katika Redio ya Estonia. Kuanzia 1958 hadi 1967 alikuwa fundi wa sauti. Kazi yake ilikuwa kukaa studio, kuweka maikrofoni, kusikiliza waimbaji na wapigaji na kunasa sauti zao vizuri. Mtu anayefanya kazi hiyo miaka karibu kumi anajifunza kusikia vitu ambavyo wengine hawavisikii: pumzi ya mwimbaji, mwangwi wa ukuta, kimya kabla ya noti ya kwanza.

Mwaka 1960 aliandika kazi ya orkesta inayoitwa Nekrolog, kwa kutumia njia mpya zilizotoka nchi za Magharibi. Hakuna Mwestonia aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Wakubwa wa muziki huko Moscow wakamkemea hadharani kwamba anafuata mambo ya kigeni. Ajabu ni kwamba mwaka 1962 Moscow hiyohiyo ilimpa tuzo ya kwanza katika mashindano ya watunzi vijana, kwa kazi nyingine mbili, mojawapo ya kuimbwa na watoto. Hivyo ndivyo serikali ile ilivyowafanyia wasanii wake. Mkono mmoja unapiga, mwingine unatoa zawadi, na msanii hajui kesho utakuja upi.

Jina la Yesu jukwaani

Tarehe 16 mwezi wa kumi na moja 1968, orkesta na kwaya zilipiga mjini Tallinn kazi yake mpya inayoitwa Credo. Aliyeongoza ni Neeme Järvi. Maneno yake ya Kilatini yalikuwa ungamo la imani kwa Yesu Kristo, pamoja na mafundisho ya Injili ya Mathayo yanayokataa kisasi. Katikati ya kazi hiyo vyombo vinapigana kwa kelele kubwa kama vita, kisha amani inarudi.

Wasikilizaji waliipenda hata ikapigwa mara ya pili usiku uleule. Lakini katika nchi ambayo serikali ilihubiri kwamba Mungu hayupo, kumkiri Kristo kwa sauti kubwa mbele ya watu lilikuwa kosa la kisiasa. Viongozi wakakasirika. Kazi hiyo ikapigwa marufuku kwa miaka mingi. Oda za kazi mpya zikapungua, na milango ya majumba ya muziki ikaanza kufungwa.

Miaka minane ya kimya

Hapo ndipo wengi wangetarajia Pärt aandike kwa hasira, au aombe msamaha na kuandika nyimbo za kusifu serikali. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alinyamaza. Tangu 1968 hadi 1976, mbali na simfonia moja aliyomaliza mwaka 1971, karibu hakutoa kazi mpya ya jukwaani. Alipata mkate wa familia kwa kutunga muziki wa filamu.

Kimya hicho hakikuwa cha woga tu. Pärt mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba alikuwa amefika mwisho wa njia. Njia zote alizojifunza ziliona kelele ndiyo nguvu, na yeye hakuziamini tena. Siku moja, katika duka mjini Tallinn, alisikia kwa sekunde chache wimbo wa zamani wa Kanisa, ule unaoimbwa na watawa kwa sauti moja tu bila chombo. Sekunde hizo zikamgeuza. Akaanza kusoma upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Alijaza daftari kwa daftari, akiandika mstari mmoja wa sauti, kisha mwingine. Wakati mwingine alitazama ndege wakiruka, akachora njia yao kwenye karatasi, kisha akatafuta noti za kufuata mchoro huo.

Kuna kisa anachokisimulia kuhusu miaka hiyo. Siku moja ya baridi alimkuta mfagiaji wa barabara akiwa kazini. Akamwuliza: mtunzi aandikeje muziki wake? Mfagiaji alishangaa swali hilo, kisha akamjibu kwamba labda inabidi aipende kila sauti moja moja. Pärt amesema kwamba hakuna mwalimu wa chuo aliyewahi kumfundisha jambo kubwa kuliko hilo.

Mwaka 1972 alimwoa Nora, mwanamuziki pia, mwenye asili ya Kiyahudi. Mwaka huohuo aliingia Kanisa la Kiorthodoksi. Nora ndiye aliyekaa karibu naye wakati kazi haitoki, na hadi uzeeni amekuwa msikilizaji wake wa kwanza.

Sauti mbili zinazotembea pamoja

Mwaka 1976 kimya kikavunjika kwa kazi ndogo ya piano yenye kurasa mbili tu, Für Alina, maana yake "Kwa ajili ya Alina". Alina alikuwa binti wa rafiki wa familia. Alikuwa ameondoka Estonia kwenda Uingereza na baba yake, na mama akabaki peke yake. Jina lililo juu ya karatasi ni la binti, lakini aliyekusudiwa kufarijiwa ni mama aliyebaki nyuma.

Katika kazi hiyo Pärt alipata njia yake. Aliiita tintinnabuli, kutokana na neno la Kilatini la kengele ndogo. Mtu yeyote wa kwaya anaweza kuielewa. Chukua sauti mbili. Ya kwanza inatembea hatua kwa hatua, inapanda na kushuka ngazi ya noti bila kuruka. Ya pili haitembei. Inagusa noti tatu tu za msingi wa wimbo, kwa mfano la, do, mi, na kila noti ya sauti ya kwanza inapewa mwenzake kutoka kwa hizo tatu. Wakati mwingine zinapatana vizuri, wakati mwingine zinagusana kwa uchungu kidogo, lakini haziachani.

Pärt anaifafanua hivi: sauti inayotembea ni mtu, mwenye kupotea na kuumia, sauti inayosimama ni ile inayosamehe. Mke wake Nora aliiweka kama hesabu: moja na moja ni moja.

Baada ya Für Alina kazi zilitoka kama maji. Mwaka 1977 peke yake ulileta Fratres, Tabula rasa na Cantus, ule wimbo wa nyuzi na kengele uliochezwa baadaye kwenye kituo cha Brest. Cantus aliiandika kumkumbuka mtunzi Mwingereza Benjamin Britten, aliyefariki mwaka 1976. Vyombo vyote vinashuka ngazi ileile ya noti, lakini kila kundi kwa mwendo wake, wengine haraka, wengine polepole sana, mpaka wote wanafika chini na kutulia. Inachukua dakika kama saba.

Kuondoka

Serikali haikufurahi. Muziki ulikuwa wa maombi, na vijana waliupenda. Mwaka 1979 Pärt alisema waziwazi mbele ya chama cha watunzi mambo ambayo wenzake waliyasema chini kwa chini. Baadaye afisa wa serikali akafika nyumbani kwao na kuwashauri waondoke. Kwa sababu Nora ana asili ya Kiyahudi, karatasi zao za kutoka ziliandikwa kwamba wanakwenda Israeli. Mwaka huohuo wa 1980 Neeme Järvi, yule aliyeongoza Credo, naye aliondoka nchini na familia yake.

Ni vizuri kusema ukweli: Pärt hakukimbia risasi usiku huku amebeba mtoto mgongoni. Aliondoka na treni, mwenye karatasi za safari. Lakini aliacha lugha yake, marafiki, makaburi ya watu wake, na nchi ambayo wakati ule hakuna aliyejua kama itakuwa huru tena. Nyuma yake jina lake likaondolewa, na muziki wake ukakaa miaka kadhaa bila kupigwa hadharani nyumbani.

Treni iliwafikisha Vienna, Austria. Walikuwa wapitaji tu, lakini kampuni ya Universal Edition, inayochapisha muziki, ilikuwa tayari imesikia habari zake na mtu wake akaja kuwapokea. Wakabaki hapo, wakapata uraia wa Austria. Mwaka 1981 Pärt akapewa msaada wa masomo wa kwenda Berlin, upande wa Magharibi wa mji uliokatwa na ukuta. Wakakaa huko miaka karibu thelathini.

Redio ndani ya gari

Kama redio ya Rakvere ilimfundisha Pärt kusikiliza, redio nyingine ndiyo iliyompeleka duniani. Mjerumani Manfred Eicher, mwenye kampuni ya kurekodi muziki inayoitwa ECM, alikuwa akiendesha gari kutoka Stuttgart kwenda Zürich. Redioni ikaanza Tabula rasa. Hakujua ni kazi ya nani. Akaacha barabara kuu, akatafuta mahali pa juu ambapo redio inashika vizuri, akasimamisha gari na kusikiliza hadi mwisho. Kisha akaanza kumtafuta mtunzi. Mwaka 1984 akatoa santuri yenye jina hilohilo, na watu ambao hawakuwahi kuingia jumba la muziki wakaanza kuinunua.

Santuri hiyo ilifika hata kwenye vitanda vya wagonjwa. Watu waliokuwa karibu kufa, wakiwamo wagonjwa wa ukimwi wa miaka ile ambayo dawa hazikuwepo, waliomba wapigiwe tena na tena sehemu ya pili ya Tabula rasa. Inaitwa Silentium, yaani kimya. Inakwenda polepole, inashuka, na haina mwisho wa kishindo. Sauti inapungua hadi kimya chenyewe kinaimalizia.

Kwa ajili ya waliouawa

Wanaosema muziki wa Pärt ni wa kutuliza tu wamesahau alivyoutumia. Tarehe 11 mwezi wa tatu 2004 mabomu yaliua watu karibu 200 ndani ya treni mjini Madrid, Hispania. Siku mbili baadaye Pärt alianza kuandika Da pacem Domine, ombi la kwaya la kumwomba Mungu amani katika siku hizi.

Mwezi wa kumi 2006 mwandishi wa habari Anna Politkovskaya, aliyekuwa akiandika juu ya mateso ya raia katika vita vya Chechnya, alipigwa risasi na kuuawa kwenye jengo alilokuwa akiishi, mjini Moscow. Pärt akatangaza kwamba kila kazi yake itakayopigwa popote duniani msimu ule wa 2006 na 2007 iwe kumbukumbu yake. Mwaka 2008 alitoa Simfonia ya Nne kwa heshima ya Mikhail Khodorkovsky, tajiri wa Urusi aliyekuwa gerezani baada ya kugombana na serikali. Mtu aliyefukuzwa kimya kimya hakusahau wale walionyamazishwa baada yake.

Kurudi si siku moja

Mwezi wa nane 1991 Estonia ilipata tena uhuru wake. Katika miaka iliyotangulia watu walikuwa wamekusanyika kwa maelfu na maelfu kuimba nyimbo zao zilizokatazwa, ndiyo maana harakati zao zinaitwa mapinduzi ya kuimba.

Wengine wangefikiri kwamba Pärt alipanda treni kesho yake. Haikuwa hivyo. Alianza kutembelea, akafanya kazi na kwaya za nyumbani, na muziki wake ukasikika tena Tallinn. Lakini nyumba ilikuwa Berlin na watoto walikuwa wamekulia huko. Ni mwaka 2010, akiwa na miaka 75, ndipo yeye na Nora waliporudi kuishi Estonia. Nchi ilikuwa huru tangu miaka 19, na wao walikuwa nje kwa miaka 30.

Wahami wengi wanajua jambo hili. Siku amani inapotangazwa si lazima iwe siku ya kurudi. Shamba limeota msitu, mtoto anazungumza lugha ya kule alikokulia, na mtu anarudi kwanza kutembea, kisha kukaa wiki, kisha kukaa kabisa.

Mwezi wa kumi 2018 kituo chenye jina lake kilifunguliwa Laulasmaa, kijiji kilicho kando ya bahari, kama kilomita 35 kutoka Tallinn. Ni jengo la ghorofa moja katikati ya misonobari, lenye ukumbi mdogo wa muziki, maktaba na mnara wa kutazamia. Ndani yake zimehifadhiwa karatasi zake, zikiwemo zile daftari za miaka ya kimya, ambazo wakati zinaandikwa hazikuwa na faida mbele ya mtu yeyote. Mwanafunzi anaweza kufika leo, akafungua ukurasa, akaona mstari mmoja wa noti ukijaribiwa, ukakatwa, ukaandikwa upya.

Serikali iliyomwambia aondoke haipo tena. Ule wimbo wa nyuzi na kengele moja, uliopita mpaka ndani ya valizi, bado unapigwa.